Dirisha Lililotakiwa Kufungwa

Kila mtu ana ugonjwa wake. Dada yangu hawezi kupita mbele ya picha iliyoning'inia upande bila kuinyoosha, hata kama ni nyumba ya watu na yuko msibani. Mimi ugonjwa wangu ni herufi moja ya Kiingereza, ile d inayotakiwa kukaa mwishoni mwa neno "supposed". Nikikuta mtu ameandika sentensi yake bila herufi hiyo, mkono unaanza kuniwasha.

Wasiokijua Kiingereza wasihofu, jambo lenyewe ni dogo. Neno hilo huja na wenzake, "you are supposed to", na maana yake ni unatakiwa, unapaswa, inategemewa ufanye hivi. Tatizo ni kwamba mtu anapolitamka, ile d ya mwisho inamezwa na neno linalofuata, na kwa kuwa haisikiki, watu hawaoni sababu ya kuiandika. Kwangu ni sawa na mtu aliyekusudia kuandika "natakiwa kuondoka" halafu akaandika "nataka kuondoka". Anayemfukuza kapotea, na sasa inaonekana anaondoka kwa hiari yake.

Ugonjwa huu niliupata chuoni, hapa hapa Morogoro, nilipokuja kutoka Tabora kusomea ukatibu muhtasi. Mwalimu wetu wa uchapaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu nyekundu isiyoisha wino. Ukiisahau d hiyo, alikuwa anachora mstari mrefu kutoka kwenye neno lako mpaka ukingoni mwa karatasi, na mwisho wa mstari anauliza: "Mkia uko wapi?" Darasa zima tulikuwa tunachekana kwa mikia. Nilikatwa maksi mara mbili. Baada ya hapo niliapa sitakatwa tena, na mimi nikiapa jambo nimeapa, sina dogo.

Toka siku hizo natembea na kalamu ya wino mzito kwenye pochi. Mwaka fulani narudi kutoka Dar es Salaam, basi likasimama Mikese abiria tuchimbe dawa. Mlangoni mwa choo cha kulipia palikuwa na kibao kimeandikwa kwa rangi ya mafuta kwamba mteja "is suppose to" kulipa kabla ya kuingia. Nilikuwa nimebanwa kweli, Mungu shahidi, lakini nilisimama, nikatoa kalamu, nikaiongeza d pale inapostahili kukaa. Nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Dada aliyekuwa anakusanya hela akaniona, akanyanyuka mbio, akachukua ndoo na fagio.

"Samahani sana, bosi," akasema, "hatukuambiwa kama mnakuja kukagua leo."

Nilipaswa kumwambia ukweli. Badala yake nilikunja uso nikamwambia waendelee kujitahidi, nikaingia bila kulipa. Abiria walioingia nyuma yangu waliusifu sana usafi wa pale.

Kazi nilipata katika kiwanda kidogo cha viungo, Kihonda. Tulikuwa tunanunua mdalasini, karafuu na pilipili manga kwa wakulima wa milimani, tunakausha, tunachambua, tunafungasha. Nguo zangu zilikuwa zinanukia pilau hata zikitoka kufuliwa. Meneja alikuwa mgeni kutoka nje, mtu mpole, mwenye miwani midogo, ambaye Kiswahili chake kilianzia "habari" na kuishia "asante sana". Kwa hiyo karatasi zote za pale zilikuwa za Kiingereza, na karatasi zote zilipita mezani kwangu.

Kubwa kuliko zote ilikuwa barua ya kujieleza. Aliyewahi kuajiriwa anaijua. Ukikosea, huitwi ukafokewa yakaisha. Unapewa kipande cha karatasi kinachokutaka ujieleze kwa maandishi kabla ya saa fulani kwa nini usichukuliwe hatua. Unaandika, unatia sahihi, inawekwa kwenye faili lako, na pale kwetu faili likishakula barua tatu, wewe na kiwanda basi. Sasa mfanyakazi wa kupakia magunia aliyeacha shule darasa la saba ajieleze vipi kwa Kiingereza? Anakuja kwangu. Anakaa kwenye benchi, anavua kofia, anashusha kikapu. Humo utakuta fyulisi, au magimbi, au mkungu wa ndizi mzuzu. Sikuwahi kuomba kitu, lakini sikuwahi kukataa pia.

Na niliziandika barua hizo kwa ufundi, niseme tu ukweli. Siri yangu ilikuwa moja: katika barua zangu hakuna mtu aliyefanya jambo. Mambo yalifanyika yenyewe. Mlinzi aliyelala lindoni mpaka mbuzi wa jirani wakaingia wakala mche wa mkarafuu wa maonyesho, nilimwandikia kwamba geti lilitakiwa kuwa chini ya uangalizi, ila uangalizi huo ulikatizwa kwa muda. Dereva wetu aliyetumwa mjini kupeleka maboksi, akapitia Mzinga kumbebea shemeji yake kabati la vyombo, nilimwandikia kwamba gari lilitakiwa kufuata njia ya kawaida, lakini njia nyingine ilitumika. Huyu dereva aliwahi kuendesha watalii Mikumi, Kiingereza cha kuombea maji anacho. Aliisoma barua yake, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, kwa hiyo kabati lilijipakia lenyewe?"

"Weka sahihi uende," nikamwambia.

Kila sentensi ilikuwa na "supposed" yake, na kila "supposed" ilikuwa na mkia wake. Meneja alikuwa anasema barua za kiwanda hiki ni nzuri kuliko za makao makuu. Kichwa kilinivimba, nisidanganye.

Aliyekuwa haniogopi pale ni mama mmoja mhudumu. Alikuwa anafagia, anapika chai, na kila siku ya kazi ndiye wa mwisho kufunga madirisha ya chumba cha kukaushia. Yeye Mluguru wa huko juu kabisa ambako ukungu unaondoka saa nne, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na utani tuliutumia vizuri. Asubuhi naanza na shikamoo, kwa sababu ni sawa na mama yangu kwa umri. Akishaitikia marahaba tu, heshima imekwisha.

"Mnyamwezi gani anayeshindwa kubeba ndoo ya maji?" ananiuliza. "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe unatembea na kalamu."

"Angalau babu zangu walisafiri," namjibu. "Wa kwenu walipanda mlimani kwa woga, mpaka leo mnaogopa kushuka."

Alikuwa ananinyang'anya mandazi mkononi, mimi namnyang'anya fyulisi alizoletewa na ndugu zake, na wageni wakitusikia walikuwa wanadhani tunagombana. Miaka minne tulikwenda hivyo. Nilimpenda kwa dhati, ingawa kwa watani neno hilo halisemwi.

Ila barua zilikuwa zimemwandama na yeye. Ya kwanza ilikuwa ya birika la umeme lililoungua. Ya pili ni siku mbili alizochelewa wakati daraja la kwao lilipobebwa na maji. Zote nilimwandikia mimi, akatia sahihi bila kuuliza zinasemaje. Alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu. Mipango yake yote ilikuwa kwenye miezi hiyo: apate mafao yake, arudi juu kwenye shamba la ukoo wa mama yake, aezeke nyumba bati, asiamke tena alfajiri kwa ajili ya chai ya mtu. Alishachagua mpaka rangi ya bati, buluu. Nilimcheka kwamba ng'ombe watafikiri ni mbingu imeshuka. Lakini kanuni ya barua tatu haikuangalia bati.

Sasa lile dirisha.

Chumba cha kukaushia kilikuwa na madirisha manne makubwa ya upande wa mlimani, na dirisha la tatu ndilo mahali pekee kiwandani ambapo simu yangu ilishika mtandao bila kukatakata. Jumamosi moja, kazi zilikuwa za nusu siku, mama alifunga madirisha saa nane, akaaga, akaondoka. Mimi nilibaki kuchapa hati za mzigo. Kama saa tisa hivi dada yangu akapiga kutoka Tabora. Nikakimbilia dirisha la tatu, nikalifungua, nikatoa na mkono nje kabisa. Dada alikuwa na habari za mama mkwe wake, ambaye alikuja kukaa siku tatu akafika na kitanda chake. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilicheka nikitoka mlangoni, nilicheka mpaka getini, na mlinzi akacheka kwa kuniona ninavyocheka. Dirisha nililiacha wazi.

Jumamosi hiyo jioni mvua ilishuka kutoka Uluguru, ile ya upepo, na Jumapili ikarudi tena.

Jumatatu asubuhi tulikuta trei za mdalasini zinaelea. Mzigo wa mteja mmoja mkubwa, uliotakiwa kuondoka wiki hiyo, umelowa, umevimba, umeanza kutoa harufu ya mti uliooza. Watu walisimama mlangoni. Mimi nilitazama dirisha moja tu, la tatu. Nilijua papo hapo. Sikuhitaji kukumbuka, sikuhitaji kujiuliza.

Meneja akauliza, nikatafsiri mimi: nani anatakiwa kufunga madirisha ya chumba hiki? Watu wote wakamgeukia mama. Naye akaitikia kwamba ni yeye, ndiyo kazi yake.

Hapo ndipo pangetosha kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini wiki iliyotangulia meneja alikuwa amenidokeza kwamba atanipa ukuu wa utawala, nafasi yenye chumba chake na mlango wake, na katika miaka minne faili langu halikuwa na barua hata moja. Nilikuwa najivunia usafi wa faili lile kama watu wanavyojivunia watoto. Nikajiambia: subiri kwanza. Mama atakuja kwako akuandikishe barua, na wewe utaandika barua ambayo haijawahi kuandikwa Kihonda. Haitamtaja yeye wala wewe. Dirisha litakuwa limejifungua, kama kabati la shemeji lilivyojipakia, na sote tutapona.

Mama alikuja baada ya chai, na karatasi yake mkononi. Alikaa kwenye benchi kama wengine. Hakuleta kikapu, na hakunitania.

"Mwanangu," akasema, "waambie nilifunga. Saa nane nilifunga yote manne, moja moja. Nilivuta na kitasa. Andika hivyo."

"Nitaandika, mama. Niachie mimi."

"Nilifunga," akarudia, akinitazama usoni. "Uandike."

Sikuandika hivyo. Kama ningeandika kwamba alifunga, swali linalofuata lingekuwa nani alifungua, na hilo swali sikulitaka lizaliwe. Niliandika ukurasa mmoja na nusu wa Kiingereza cha kupendeza. Katikati yake paliketi sentensi niliyoitafuta saa nzima: "The window was supposed to be closed, and it was later found open." Dirisha lilitakiwa kufungwa, na baadaye likakutwa wazi. Niliisoma mara tatu kwa furaha. Mkia ulikuwepo, adabu ilikuwepo, na mtu hakuwepo. Mama akaja, akaegemea meza, akaandika jina lake taratibu kwa herufi kubwa kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Nikampelekea meneja.

Kesho yake aliniita. Alikuwa ameishika barua ile, akaanza kwa kuisifia, kama kawaida yake. Kisha akaishusha, akasema jambo ambalo mtoto mdogo angeliona na mimi na ufundi wangu sikuliona: dirisha lilitakiwa kufungwa, na anayetakiwa kulifunga ni mmoja tu, na katika ukurasa mmoja na nusu huyo mmoja hakusema popote kwamba alilifunga. Kwa maneno mengine, alisema, amekiri kwa lugha nzuri. Hii ni barua ya tatu. Alisikitika kweli, niliona. Akanitaka nichape barua ya kumwachisha kazi, mwisho wake Ijumaa.

Niliichapa. Sijui niseme nini kujitetea, na nimeshajitetea vya kutosha kichwani. Vidole vyangu viliichapa bila kosa hata moja, meneja akaitia sahihi, nikaibeba kwenda jikoni.

Mama alikuwa anaosha chupa za chai. Alikausha mikono kwenye kanga, akaipokea ile karatasi, akaigeuza, akanirudishia.

"Inasemaje?"

Nikamwambia. Akavuta kigoda akakaa, akatazama chupa zake zilizopangwa.

"Na ile niliyotia sahihi jana," akasema, "ilisemaje?"

Katika miaka minne, na barua zote nilizomwandikia yeye na wenzake, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo; dereva peke yake ndiye aliyejisomea mwenyewe. Nilianza kuitafsiri kwa kuzunguka zunguka, akanikatiza. Akataka pale penye dirisha tu. Nikamsomea: dirisha lilitakiwa kufungwa, na baadaye likakutwa wazi. Kwa Kiingereza sentensi hiyo ilikuwa imevaa suti. Kwa Kiswahili, pale jikoni, ilisimama uchi.

"Mimi nilikwambia nini?"

"Kwamba ulifunga."

"Umeliweka wapi hilo?"

"Sikuliweka."

Hakupaza sauti. Ningetamani apaze. Aliniambia kwamba Jumamosi ile alikuwa barabarani anasubiri gari la kwenda mjini, gari likachelewa, na alipotazama kiwandani aliniona kwenye dirisha la tatu, mkono nje, nacheka na simu. Alicheka na yeye kwa kuniona. Alidhani nikimaliza nitafunga, kwani mtu mzima akifungua dirisha anafunga. Jumatatu alipokuta maji alinisubiri niseme. Alinisubiri mlangoni mbele ya watu, akanisubiri kwenye benchi, akanisubiri wakati anatia sahihi.

"Mbona hukunitaja, mama?" nikamuuliza. Nilikuwa nalia tayari.

"Nikutaje kwa nani?" akasema. "Kwa meneja? Kwa lugha ipi? Kila ninachomwambia yule kinapita kwako. Nikikushtaki, ni wewe utakayeandika mashtaka."

Nilikuwa nimejiona msaidizi wa watu wasio na Kiingereza, mtu wa maana, na kumbe kwa mama huyu nilikuwa ukuta.

Akainuka, akatoa kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari la sukari na majani ya chai, akachana ukurasa, akaweka vyote mbele yangu juu ya meza yenye maji.

"Futa machozi, uandike. Kwa Kiswahili, ninavyosema mimi, usipambe."

Nikaandika anavyosema. Mimi ni mhudumu wa kiwanda hiki. Jumamosi saa nane mchana nilifunga madirisha yote manne ya chumba cha kukaushia. Nilivuta kitasa cha kila moja. Kisha niliondoka. Baada ya hapo sikuwepo.

Nikasubiri na kalamu hewani.

"Baada ya hapo nini, mama?"

"Nimekwambia sikuwepo. Hapo chini aandike aliyekuwepo."

Akanigeuzia mgongo, akarudi kwenye chupa zake. Nilikaa na ule ukurasa muda ambao maji ya birika yalichemka, yakazimwa, yakaanza kupoa. Nimeandika maelfu ya mistari maishani mwangu lakini sijui kama kuna uliowahi kunitoa jasho kama ule wa kwanza. Mimi ni katibu muhtasi. Saa tisa nilifungua dirisha la tatu ili niongee na simu. Niliondoka bila kulifunga. Mdalasini umelowa kwa sababu yangu. Nilijua tangu Jumatatu asubuhi na sikusema, na barua ya jana niliiandika kujificha.

Alinitaka nimsomee yote, yake na yangu. Akatia sahihi chini ya yake, nami chini ya yangu. Tukaenda ofisini pamoja, yeye mbele.

Meneja aliipokea karatasi yenye alama ya maji ya chai, akakitazama Kiswahili chake, akaitazama sura yangu, akanirudishia nimtafsirie. Nani mwingine? Nilisimama mbele ya meza yake nikajisoma. Kiingereza changu siku hiyo kilikuwa cha darasa la tano: nilifungua, niliondoka, nilijua, sikusema. Nikifika katikati ya sentensi ulimi ulikuwa unatafuta wenyewe njia ya kukwepa, kwamba dirisha lilifunguliwa, kwamba lilisahaulika, nami naurudisha kwa nguvu. Mama alisimama pembeni yangu amekunja mikono, hajui neno, ananitazama mdomo.

Meneja alivua miwani. Akaniuliza swali moja tu: mama huyu alitakiwa kufanya nini Jumamosi?

"Kufunga madirisha," nikasema.

"Na alifanya nini?"

"Alifunga."

Akafungua droo, akachukua ile barua ya kuachishwa, akaichana mara mbili. Ile ya tatu akaitoa kwenye faili la mama. Nafasi ya ukuu wa utawala hakuitaja tena, na miezi michache baadaye ilikwenda kwa kijana mmoja aliyetoka Dodoma, mtu mzuri tu, ingawa anaandika "suppose" bila mkia na mimi namezea. Faili langu lilipata barua yake ya kwanza, onyo kali, lililoandikwa na meneja kwa mkono wake. Niliona ni haki.

Mchana huo huo alinipa kazi ya mwisho: kumchapia mama barua fupi, kwamba ajira yake inaendelea mpaka siku yake ya kustaafu, na kwamba hana kosa katika jambo la mdalasini. Niliichapa mistari mitano. Meneja akasaini, nami nikaipeleka jikoni, safari hii mbio. Nilikuwa nimeshaandaa na utani wa kumpoza.

"Inasemaje?" akauliza.

Nikamtafsiria mstari kwa mstari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akanipita mlangoni, akatoka nayo uani ambako dereva alikuwa anaosha gari. Nilimwona akimpa, na dereva akifuta mikono kwenye suruali.

Nilibaki nimesimama pale mlangoni. Dereva alisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, akikwama anakuna kisogo na kuanza upya. Neno moja lilimshinda, akaliruka, mama akamrudisha kwalo. Ilichukua muda mrefu kwa mistari mitano. Mama alikuwa ameinamia karatasi kana kwamba akiitazama sana nayo itaongea. Mwishoni akatikisa kichwa kukubali, akaikunja mara nne, akaiweka kifuani.

Alirudi jikoni, akasimama mbele yangu.

"Amesoma hivyo hivyo," akasema. "Nashukuru."

Akaenda kuchukua vikombe vya ofisini. Miaka minne yote mama yule hakuwahi kunishukuru kwa lolote. Alikuwa ananitukana, nami namtukana, na tulikuwa tunapendana. Nilirudi mezani kwangu, nikakaa, nikalia kama mtoto.